Vyama vya kutetea ulaiki: vimetoka wapi, na vinatuuliza nini?



Katika mafungo ya wakatekista wa misioni yetu, mzee mmoja alisimama akatuuliza swali ambalo watu walidhani ni la mchezo. Alisema: "Padri, nimesikia kwa redio kwamba Katiba ya inchi yetu inaita Serikali ya Kongo laiki. Na sisi wabatizwa tusio mapadri, ninyi mnatuita walayiki. Basi Serikali imekuwa yetu?" Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akaongeza: "Mtoto wangu anayesoma Lubumbashi ananiambia kwamba laiki ni mtu asiyetaka Mungu. Nani anasema kweli?"

Tuseme wazi: sisi wenyewe hatukuwa na jibu tayari. Tulijibu maneno mawili matatu, kisha tukarudi kwenye vitabu. Tunayoandika hapa ni matunda ya kutafuta huko, na tunaandika kwa ndugu zetu wa seminari kubwa kwanza, kwa maana wao ndio watakaoulizwa swali hilo kwa ukali zaidi.

Neno lenyewe ni moja. Linatoka katika Kigriki, laos, maana yake taifa, watu. Laikos ni mtu wa taifa, mmoja katika wote. Eklezya ilitumia neno hilo tangu zamani kwa kumwita mbatizwa asiyepewa Daraja takatifu. Katika karne ya 19 Wafaransa na Wabelgiji wakaanza kulitumia kwa namna nyingine: shule laiki ni shule isiyo mikononi mwa mapadri wala watawa, Serikali laiki ni Serikali isiyo na dini yake yenyewe. Kifaransa kina namna mbili za kuandika mwisho wa neno, lakini sikio halisikii tofauti. Tena Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha kwanza, imeandika laïc, herufi kwa herufi kama tunavyoandika kwa mwamini wa parokia. Mzee wetu alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Katika makala haya tutasema walayiki kwa waamini, na tutaweka laiki na ulaiki kwa mambo ya Serikali.

Lakini nyuma ya neno kuna watu. Huko Ulaya na Marekani kuna vyama ambavyo kazi yao ni kulinda ule mpaka kati ya Serikali na dini: wana nyumba zao, magazeti yao, maavoka wao, na nguvu yao imezidi katika miaka hii. Tumechagua kufuata habari zao katika inchi moja, Ubelgiji, kwa sababu kutoka Ubelgiji walikuja wamisionari waliotubatiza wazee wetu, na kutoka Ubelgiji vilevile walikuja wale waliopigana na wamisionari hao. Ugomvi wao ulisafiri katika mashua moja mpaka kwetu.

Walianza kaburini

Ubelgiji ilipopata uhuru wake mwaka 1830, Wakatoliki na Waliberali walikuwa wamoja. Wote wawili walikuwa wamechoka na mfalme Mholandi. Wakati wa kutengeneza Katiba, Askofu Mkuu wa Malines, Monsenyori de Méan, aliandikia baraza la taifa barua katika mwezi wa Disemba 1830: aliomba uhuru kamili wa dini yake, bila kuomba cheo juu ya dini nyingine. Katiba ya 1831 ilifuata njia hiyo. Kila mtu huru katika ibada yake; hakuna atakayelazimishwa kushika sikukuu ya dini fulani; Serikali haina neno katika kuchagua maaskofu na mapadri. Lakini mishahara ya mapadri italipwa na Serikali, maana mali ya Eklezya ilikuwa imenyang'anywa na kuuzwa wakati wa utawala wa Wafaransa. Tushike vizuri jambo hili la mishahara. Tutalikuta tena mwishoni, pahali ambapo hakuna aliyelingojea.

Umoja ule haukudumu. Mwaka 1832 Papa Gregori XVI alikatalia kwa maneno makali uhuru wa zamiri kama walivyouelewa watu wa wakati ule. Waliberali wakauliza: basi Wakatoliki wa Ubelgiji wanashika Katiba kwa moyo, au kwa hila tu mpaka wapate nguvu? Mwaka 1834 maaskofu walifungua universite yao. Katika mwezi uleule Pierre-Théodore Verhaegen na wenzake, wengi wao Waframasoni, wakafungua Universite Huru ya Brussels kwa kushindana nayo.

Hayo yalikuwa mambo ya wasomi. Vyama vyenyewe, vya watu wadogo, vilianza pahali ambapo sisi Wabantu tunapafahamu upesi kuliko universite. Vilianza kaburini.

Makaburi yalikuwa ya komini, lakini padri ndiye aliyesema nani atalala katika udongo uliobarikiwa. Aliyejiua, mtoto asiyebatizwa, mfanyakazi aliyetangaza kwamba haamini: hao walizikwa pembeni, katika kipande ambacho watu walikiita "shimo la mbwa". Ebu tufikiri. Tunajua kwetu inamaanisha nini kumnyima mtu kaburi la jamaa yake. Tunajua jinsi ukoo mzima unavyoweza kutembea siku tatu kwa mguu ili mfu wao alale na wake. Basi Wabelgiji nao ni watu. Mwaka 1854 mafundi na wafanyakazi wa Brussels walianzisha chama kilichoitwa L'Affranchissement, maana yake ukombozi; mwaka 1857 wengine wakaanzisha Les Solidaires; mwaka 1863 ikafuata La Libre Pensée, chama cha watu wa fikara huru. Kazi yao ya kwanza haikuwa kuandika vitabu juu ya Mungu. Ilikuwa kuzika. Mwanachama aliandika karatasi angali mzima kwamba hataki padri. Akiugua, wenzake walikaa kando ya kitanda chake ili matakwa yake yasigeuzwe wakati amekwisha kupoteza nguvu. Akifa, walimsindikiza wenyewe, ili asizikwe kama mtu asiye na ndugu.

Tunaposoma hayo tunajisikia haya kidogo. Watu hao walikosa imani, ni kweli, na pengine walikosa kwa makosa yao wenyewe. Lakini walifanya kazi ya huruma ya saba, ile ya kuzika wafu, na waliifanya kwa sababu sisi tuliigeuza kuwa azabu. Padri kijana anayekataa mazishi leo kwa ukali, kabla hajauliza vizuri habari za marehemu, afikiri kwanza: pengine siku hiyo anaanzisha chama.

Vita ya shule

Mwaka 1864 ulizaliwa mjini Brussels ule Umoja wa kutetea mafundisho, Ligue de l'Enseignement. Mmoja wa watu wake alikuwa Charles Buls, aliyekuwa baadaye burgomestre wa Brussels. Miaka 15 nyuma yake wenye mawazo hayo walikuwa na nguvu katika bunge, na sheria ya tarehe 1 Julai 1879 ikaamuru kwamba kila komini iwe na shule ya msingi ya Serikali isiyo na upande wa dini. Katekisimu ifundishwe nje ya saa za masomo. Wakatoliki waliiita sheria ya bahati mbaya. Maaskofu wakajibu kwa silaha kali sana: waalimu wa shule hizo, na wazazi waliopeleka watoto wao huko, walinyimwa sakramenti. Mwaka 1880 Serikali ikavunja uhusiano wake na Vatikano. Vijiji viligawanyika, watu wa jamaa moja hawakusalimiana. Wakatoliki wakajenga shule zao kwa haraka na kwa sadaka kubwa, na zaidi ya nusu ya watoto wa shule za msingi wakahamia kwao. Mwaka 1884 chama cha Wakatoliki kikashinda uchaguzi, nacho kikatawala peke yake mpaka vita ya 1914.

Tulishinda, basi? Tulishinda uchaguzi. Lakini mama aliyenyimwa komunyo ya Paska kwa sababu mtoto wake alikuwa katika shule ya komini hakusahau, na mtoto naye alikumbuka. Ni maoni yetu tu, lakini tunaona kwamba vyama vya ulaiki vilipata katika miaka hiyo mitano watu wengi kuliko walivyopata kwa vitabu vyote vya wasomi wao.

Ugomvi unafika kwetu

Katika Kongo ya mkoloni, mpaka kati ya Eklezya na Serikali ulikuwa mwembamba kama uzi wa buibui. Mkataba wa tarehe 26 Mei 1906 kati ya Vatikano na Serikali ya mfalme Leopold II uliwapa wamisionari wakatoliki udongo, hekta 100 mpaka 200 kwa kila misioni. Nao waliahidi shule. Kwa miaka mingi misaada ya shule ilikwenda kwa misioni za kitaifa, yaani za Wabelgiji, karibu zote za kikatoliki. Waprotestanti walianza kuipata baada ya mwaka 1946 tu. Wazazi wao walilipa kodi sawa na wengine.

Tena kuna jambo zito zaidi. Simon Kimbangu alihukumiwa kufa mwaka 1921. Mfalme akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, mbali na inchi yake, akafa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Kulikuwa wamisionari, wakatoliki wengi kati yao, walioomba Serikali iwe kali juu yake na watu wake. Kanisa lake lilikubaliwa na Serikali mwishoni mwa mwaka 1959 tu. Hatuandiki hayo kwa kuwadharau wazee wetu katika imani, ambao wengine wao waliacha mifupa yao hapa kwa mapendo. Tunayaandika kwa sababu mwanafunzi wa Lubumbashi anayajua, naye atamwambia padri. Ni vibaya padri akiyasikia kwake mara ya kwanza.

Mwaka 1954 Mliberali Auguste Buisseret akawa waziri wa makoloni. Alituma wakaguzi watatu kutazama shule za Kongo, nao waliandika ripoti iliyochoma misioni. Kisha akafungua shule laiki kwa watoto waafrika. Wazee walizoea kusema "shule za Leta" kwa kuzitenga na za Padri. Ulaya palikuwa moto uleule: sheria za waziri Collard zilitoa Wakatoliki wengi sana katika barabara za Brussels mwaka 1955. Hapa kwetu mapadri wengi waliona kwamba mwisho wa dunia umefika. Lakini wazazi waafrika wengi walifurahi, wala si kwa kumchukia Mungu. Walitaka watoto wao wasome Kifaransa na wafuate programu moja na watoto wa Wazungu. Jumapili walikuja kwenye Misa kama kawaida. Wazungu wa pande zote mbili walishindana kuhesabu watu, na watu wenyewe walikuwa wanatafuta mlango wa kutokea. Lovanium ya Wakatoliki ilianza mwaka 1954, universite ya Serikali ikaanza Elisabethville mwaka 1956, na vijana wetu walikwenda kila pahali palipowapokea.

Jambo moja linastahili kutazamwa polepole. Katika mwaka uleule 1956 maaskofu wa Kongo walitoa tangazo lao lililosema kwamba wenyeji wana haki ya kushiriki katika kuongoza inchi yao. Miaka 10 mbele yake, wakati Serikali na misioni walikuwa sahani na kifuniko, tangazo la namna hiyo lingekuwa gumu sana kutoka. Waziri aliyetaka kuwapunguzia maaskofu nguvu aliwafungua ulimi bila kukusudia.

Watetezi wa ulaiki wanapokea mshahara

Ubelgiji ulichoka na vita. Mwaka 1958 vyama vyote vitatu vikubwa vilitia sahihi Mapatano ya shule, yaliyokuwa sheria tarehe 29 Mei 1959. Serikali italipa shule zote, zake na za Eklezya. Na katika shule za Serikali mzazi atachagua mafundisho ya dini fulani au mafundisho ya adili bila dini.

Hapa ndipo vyama vya ulaiki vilianza kukua kwa namna mpya. Zamani kutokuwa na dini kulikuwa tundu tu, pahali patupu. Sasa kuna saa yake katika kalasi, kuna mwalimu wake, na mwalimu lazima aandaliwe. Mwaka 1969 vyama vingi vidogo vya watu wa Kifaransa vilijikusanya katika Centre d'Action Laïque. Mwaka 1971 wale wa Kiflamand wakafanya umoja wao. Mwaka 1972 pande mbili zikaunda baraza moja la kati la kusema na Serikali. Wakati huohuo makanisa yalikuwa yanapunguka watu. Aliyetoka kanisani hakuingia chama cha ulaiki mara moja, hapana. Wengi walikaa nyumbani. Lakini siku ya ndoa, siku ya msiba, siku mtoto anapofika miaka 12 na wenzake wanavaa nguo nyeupe za komunyo kubwa, mtu anatafuta neno la kusema na watu wa kusimama naye. Vyama vikatengeneza sikukuu ya vijana wa ulaiki, arusi, mazishi. Vikatuma washauri wao hospitalini na gerezani, kando ya kitanda cha mgonjwa, kama wale wazee wa 1857.

Kazi hiyo lazima ilipwe. Mwaka 1981 sheria ilianza kutoa msaada kwa baraza lao. Mwaka 1993 Katiba iligeuzwa: kile kifungu kilicholipa mishahara ya mapadri tangu 1831, leo kifungu cha 181, kiliongezewa fungu la pili, kwa wajumbe wa vyama vinavyosaidia watu katika mambo ya adili bila dini. Sheria ya tarehe 21 Juni 2002 ikapanga vyeo na mishahara yao.

Ndugu zetu wa seminari watacheka, na sisi tulicheka. Wale ambao babu zao walisema Serikali isimlipe padri, leo wanaandikwa katika kifungu kimoja na padri! Lakini kicheko kisikae sana. Kwanza, wao wenyewe wamebishana juu ya jambo hilo: wengine wanasema kwamba ulaiki ni sheria ya nyumba kwa wote, hauwezi kugeuka kuwa chumba kimoja katika nyumba. Pili, mtu anayeishi kwa mshahara wa Serikali amcheke nani? Shule zetu hapa Kongo zinalipwa na nani?

Ubishi wao unatupatia ufunguo wa swali la mzee katekista. Wenyewe wametenga mambo mawili. Kuna ulaiki wa kuongoza inchi: Serikali haina dini, haimlazimishi mtu, haimzuii mtu. Na kuna ulaiki wa fikara: namna ya kuishi na kufikiri bila Mungu. La kwanza mkristu anaweza kulikubali, hata kulipigania. Huko Marekani chama kimoja kikubwa cha kutetea mpaka huo kilianzishwa mwaka 1947 na Waprotestanti, wachungaji kati yao, walioogopa kwamba kodi yao italipa shule za Wakatoliki. La pili ni imani nyingine, na mtu ana haki ya kuwa nayo kama sisi tulivyo na yetu. Ugumu wote unatokea mtu anapotuuzia la pili katika mfuko wa la kwanza.

Tena hutokea. Centre d'Action Laïque ilifanya kazi kwa bidii ili sheria ya Ubelgiji iruhusu kutoa mimba (1990, sheria ambayo mfalme Baudouin alikataa kutia sahihi kwa sababu ya zamiri yake) na kuua wagonjwa waombao kufa (2002). Hapo hatuwezi kwenda nao. Anayesema kwamba mtoto tumboni ni mtu hasemi fundisho la sakristia. Anasema jambo ambalo babu zetu walijua bila katekisimu. Vilevile juu ya shule: mwaka 2015 Korti ya katiba ya Ubelgiji ilisema kwamba mzazi wa shule ya Serikali katika upande wa Kifaransa asilazimishwe kuchagua kati ya dini na adili, na tangu 2016 saa moja kati ya zile mbili imegeuka somo la filozofia na uraia. Vyama vinataka saa zote mbili. Sisi tunauliza: mzazi anayetaka dini kwa mtoto wake amekosa nini?

Eklezya yenyewe imesema nini

Fundisho la kutenga nguvu mbili halikuzaliwa na Waframasoni. Papa Gelasi alimwandikia kaisari juu yake mwaka 494, na Bwana wetu alilisema mbele yake, akiwa na feza ya Kaisari mbele ya macho (Mt. 22). Lakini karne nyingi tulilishika kwa mkono mmoja tu: tuliikataza Serikali isiingie kwetu, tukaiomba itupiganie.

Konsilio ya Vatikano ya Pili ilinyosha jambo. Tangazo juu ya uhuru wa dini, Dignitatis humanae, lilipigiwa kura tarehe 7 Disemba 1965: 2308 walikubali, 70 walikataa. Linafundisha kwamba mtu asilazimishwe kutenda juu ya zamiri yake katika mambo ya dini, wala asizuiwe, kwa sababu ya heshima ya utu wake. Na nani aliyesimama mara nyingi mbele ya maaskofu wa dunia nzima kueleza na kutetea maandiko hayo? Askofu Mbelgiji, Monsenyori De Smedt wa Bruges. Tunafikiri haikuwa bure. Alitoka katika inchi iliyokuwa imeonja pande zote mbili za fimbo. Katika Gaudium et spes, fungu la 76, Konsilio inaongeza kwamba Eklezya haitii tumaini lake katika vyeo inavyopewa na wakubwa wa inchi, nayo itaacha hata haki fulani ikiwa kuzitumia kunaleta shaka juu ya usafi wa ushuhuda wake. Tunawaomba waseminari wasome fungu hilo polepole, si kwa ajili ya mtihani tu.

Sisi Wakongomani tuna sababu zetu wenyewe za kulipenda fundisho hilo. Mwaka 1972 Serikali ilitaka vikundi vya vijana wa chama viingie hata ndani ya seminari zetu. Kardinali Malula, aliyekuwa amesema wazi, alilazimika kwenda Roma kwa miezi kadhaa. Mwisho wa mwaka 1974 shule zote za makanisa zilichukuliwa, na mafundisho ya dini yakafukuzwa katika saa za masomo. Mkubwa wa inchi ndiye aliyeimbwa. Hiyo haikuwa Serikali laiki: ilikuwa Serikali iliyojitengenezea dini yake. Mambo yaliharibika upesi, na kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 shule zilirudishwa kwa makanisa kuziongoza, Serikali ikilipa waalimu. Tunaishi katika mkataba huo mpaka leo, na ule wa Vatikano na Kongo wa tarehe 20 Mei 2016 umeweka sheria za ujirani wetu.

Ulaiki wa kweli haumfungi mkristu mdomo pia. Tarehe 16 Februari 1992, na tena tarehe 31 Disemba 2017, wakristu walitembea katika barabara za Kinshasa kuomba haki ya raia, nao walipigwa risasi. Waliowaita walikuwa Comité laïc, yaani walayiki wa Eklezya. Mzee katekista alifurahi sana tulipomwambia hilo. "Basi," akasema, "Serikali laiki iliogopa walayiki."

Lakini alikuwa na swali lingine, na ndilo lililotunyima usingizi. Katika shule moja ya misioni, ambayo tunaijua vizuri kwa sababu sisi ndio tuliyoiongoza, watoto wote walipelekwa kwenye Misa ya Ijumaa, na aliyekosa alikatiwa pointi za mwenendo. Kati yao kulikuwa Wakimbangu, watoto wa pentekoste, na Waislamu watatu. Mzazi mmoja, Mkimbangu, alikuja kulalamika. Tulimjibu kwamba shule ni ya Wakatoliki, asiyetaka aende kwingine. Hakuna kwingine: shule ya karibu iko kilometa 14. Waalimu wake wanalipwa na Serikali, yaani na kodi ya baba yule pia. Mzee alikuwepo siku ile, akayasikia maneno yetu. Alituuliza: "Padri, ile Konsilio ilikuwa mwaka gani?"

Tulizungumza na mkubwa wa shule na kamati ya wazazi. Pointi zimefutwa. Misa ya Ijumaa inaendelea, na watoto wengi wasio wetu wanakuja hata leo kwa kupenda nyimbo. Mtoto wa baba yule haji. Yuko kalasi la sita sasa. Saa ya Misa anafanya hesabu, na mwalimu mmoja anabaki naye, ili asikae peke yake.